Kazi ya Baba Ilikuwa Kuonja Chai

Baba yangu alilipwa mshahara kwa kuonja chai na kuitema. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote katika hilo. Kwenye nyumba za wafanyakazi kule Mufindi kila mzee alikuwa na kazi yake: jirani wa kushoto alichochea kuni kwenye tanuri la kukaushia majani, jirani wa kulia aliendesha trekta la kukusanya magunia mashambani, na baba yangu alionja. Alirudi jioni, koti lake likinuka majani mabichi, akanawa, akaomba maji baridi. Chai aliyokuwa amepitisha mdomoni siku hiyo ilimtosha.

Nilikuwa darasa la nne aliponipeleka kwenye chumba chake cha kazi. Kilikuwa chumba cheupe chenye dirisha refu upande mmoja, na meza iliyofuata lile dirisha kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya meza vilipangwa vikombe vyeupe visivyo na mkono, kama thelathini hivi, na mbele ya kila kikombe majani yaliyokwisha kutoa rangi yake. Baba alitembea akivifuata na kijiko, huku akisukuma kwa mguu pipa la bati la kutemea. Alivuta chai kwa kelele ambayo nyumbani ningechapwa kwayo.

“Vuta pamoja na hewa,” aliniambia. “Usione aibu. Chai isipopata hewa haisemi kitu.”

Nikavuta, nikapaliwa, nikakohoa hadi machozi yakatoka. Hakucheka. Alisubiri nimalize, akaninyooshea kikombe cha pili. “Hii imechumwa bondeni. Hii hapa imechumwa mlimani, mvua ikinyesha, na wachumaji walikuwa na haraka.” Nilimuuliza amejuaje. Akasema, “Imeniambia.” Nikamwamini kabisa.

Nyumbani chai ilikuwa ya mama. Mama alichemsha maji na maziwa katika sufuria moja, akaponda tangawizi kwa mwiko, akatia sukari ya kutosha watu wa msibani. Baba aliita ile chai “uji wa mama yenu,” lakini kila Jumapili baada ya kanisa alikunywa vikombe viwili na viazi vitamu, na cha pili alikunywa polepole. Tukiwa na homa tulipewa mchaichai uliochumwa nyuma ya nyumba. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka na kukaa hadi saa nne asubuhi, tulikunywa chai ya rangi yenye limau, tumeshika vikombe kwa mikono miwili, tusitake kuvitua.

Niliolewa Mbeya, na ndoa ilipokwisha nilibaki Mbeya. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mashine yangu iko kibarazani, na mitaa yote ya jirani inanijua kwa mashati meupe yaliyotundikwa kwenye kamba. Mama alipofariki, baba alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nyumba ya kiwanda ilitakiwa kurudishwa. Tulimzika mama kwenye makaburi ya kijiji kule kule Mufindi, na baba akaja kukaa nami, na sanduku moja la nguo na jingine la vikombe vyeupe vilivyofungwa kwenye magazeti.

Sikujua nimfanyie nini mtu ambaye siku zake zote zilikuwa na kazi. Alikaa kibarazani, akanitazama nikishona, akaniuliza vifungo hivi vinatoka wapi. Baada ya wiki chache niliona anafifia. Ndipo nikaanza kumletea chai. Kila Jumamosi nilitafuta chai asiyoitarajia. Nilileta ya Tukuyu, na ya Njombe. Jirani yetu mmoja aliyesafiri alinibebea pakiti kutoka milima ya Usambara. Nilipata hata chai ya kijani kwa bibi harusi mmoja aliyepewa zawadi asijue aifanyie nini. Baba alichemsha maji mwenyewe, akapima majani kwa kijiko, akatazama saa ya ukutani, akamimina. Kisha akavuta kwa ile kelele yake, na wateja wangu wakageuka.

“Ya Tukuyu hii imenona,” alisema. “Ina udongo mweusi ndani yake. Ya kwetu ni nyembamba zaidi lakini ina makali. Ukiimeza inakaa.” Kuhusu ile ya kijani alisema tu, “Hawa waliogopa moto.”

Pale mjini nilikuwa nanunua vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi. Mama mwenye duka ni mtu mzima, mjane, anakaa kwenye kiti cha nyuma karibu na pazia, na kwake hakuna mteja wa siku nyingi anayeondoka bila chai. Chai yake huchemka na maziwa mpaka inapanda mara tatu, ikiwa na iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi na pilipili manga. Nilipomleta baba mara ya kwanza, alipewa kikombe. Alikunywa chote kwa heshima. Tulipotoka nje akaniambia, “Yule mama ni mtu mwema sana. Ile ni supu.”

Hizo ndizo Jumamosi nilizozipenda kuliko siku zote nilizoishi na baba, hata za utoto. Zilikwenda hivyo mwaka na nusu.

Kisha ikaja ile baridi ambayo watu wengi walikohoa. Baba aliugua kifua wiki tatu. Nilimkanda mgongo, nikamlaza kwa mito mitatu, nikamnywesha mchaichai kwa kijiko. Alipona. Alikonda, lakini alirudi kwenye kiti chake kibarazani, na Jumamosi zikaendelea kama zamani.

Sasa nikikumbuka, naona mambo ambayo wakati ule sikuyaona. Alianza kuniuliza, “Leo umeleta ya wapi?” kabla hajaonja. Zamani hakuuliza, alitaka kukisia. Alianza pia kunitazama wakati nikinywa cha kwangu. Na alianza kuoga mara tatu kwa siku. Maji kwetu hutoka kwa zamu, tunayahifadhi kwenye madumu, na hilo la kuoga lilinikera. Siku moja nilimwambia, “Baba, haya maji tunayagombania na watu wa mtaa mzima. Huendi shambani, huchafuki. Unaoga nini?” Alinijibu, “Sawa, mama.” Tangu siku hiyo akawa anajifuta kwa kitambaa kibichi nyuma ya mlango wa chumba chake. Nilikiona kitambaa kwenye kamba, nikaona kwamba amenisikia, nikaridhika.

Ilikuwa Jumamosi, maji hayajatoka siku nne. Jirani aliniazima dumu la maji. Mteja wangu mmoja alikuwa amefika kuchukua sare za watoto wake, mama wa Kisukuma kutoka Usangu, kwao wanafuga na kulima mpunga. Alikuwa ametoka mbali, kwa hiyo nikamwambia akae anywe chai kwanza. Baba alikuwa amechoka kidogo, nikachemsha mwenyewe. Nikamimina vikombe vitatu, nikampa baba, nikampa mgeni, changu nikakiweka kando ya mashine nimalizie kifungo.

Baba alivuta, akameza. “Tukuyu,” alisema. “Imetulia leo. Maji yameichukua vizuri.” Akanywa tena.

Yule mama aligusisha mdomo tu, akashusha kikombe. Aliniangalia, akasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, “Dada, samahani. Haya maji yana mafuta ya taa.”

Nikachukua changu. Harufu ilinipiga kabla sijakifikisha mdomoni. Dumu lile lilikuwa limewekwa mafuta, na aliyeliosha hakuliosha vizuri. Nikageuka kumzuia baba. Kikombe chake kilikuwa kimebaki nusu. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani, na alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama mtu anayesoma barua.

“Mimi nilidhani,” alisema, kisha hakumalizia. Alikiweka kikombe chini ya kiti, akainuka, akaingia ndani. Yule mama alikunja sare zake, akanishika bega, akaondoka.

Nilimfuata baba. Alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu ile homa.”

“Mwaka mzima, baba?”

“Nilidhani itarudi. Nikasema nisubiri kidogo.” Alijikuna magoti. “Kitunguu hakinuki. Mvua hainuki. Sabuni nayo hivyo hivyo. Nikila, najua tu hiki ni laini na hiki ni kigumu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeacha kuleta.”

Nikamuuliza aliwezaje kusema yote yale aliyoyasema kila Jumamosi. Akanieleza bila kuficha. Aliangalia rangi. Aliangalia majani yaliyolowa. Akinywa, aliangalia uso wangu, akitafuta ndani yake kama chai ni nzuri. Mengine aliyakumbuka. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma. “Hata mwili wangu siusikii. Nakaa hapo kibarazani kwako, watu wanakuja kuvaa nguo nyeupe, na mimi sijui kama mzee ananuka.”

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa sababu ya maji ya kuoga. Kisha nilinunua maji mtaani, nikamwekea ndoo nzima bafuni.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimpima, akamnusisha vitu, akamwekea vitu ulimini. Alisema ule ugonjwa huwa unafanya hivyo kwa baadhi ya watu, kwamba kwa wengine harufu hurudi na kwa wengine hairudi, na kwa umri wa mzee asingependa kutupa matumaini makubwa. Baba alimshukuru. Kwenye benchi la nje aliniambia, “Kijana amesema ukweli. Twende.”

Aliacha chai. Alikunywa maji ya moto asubuhi na maji ya moto jioni. Vikombe vyeupe alivirudisha kwenye sanduku. Nilijaribu kumletea pakiti moja ya kwao Mufindi, akaipokea, akaisoma maandishi yake yote, akaiweka juu ya kabati. Miezi ile nyumba yangu ilikuwa kimya sana. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu jikoni nimesimama, kama mwizi.

Aliyeubadilisha ukimya ule ni mama wa duka la vitambaa. Nilimweleza yaliyotokea, kwa kuwa aliuliza mbona mzee haji. Alisikiliza, akapiga ulimi kwa masikitiko, akasema, “Mlete Jumatano.” Jumatano nikampeleka. Yule mama alikuwa ameponda pilipili manga nyingi kuliko kawaida, na tangawizi kavu, na karafuu. Alimpa baba kikombe, akakaa mbele yake na kukunja mikono.

Baba alikunywa. Aliacha mdomo wazi kidogo. Macho yakamjaa maji.

“Inauma,” alisema.

“Wapi?”

“Hapa. Na hapa kooni. Sasa imeshuka kifuani.”

“Basi mdomo haujafa wote,” yule mama akasema. “Kunywa.”

Alimaliza kikombe na akaomba kingine. Yeye, aliyeiita ile chai supu. Tukawa tunakwenda kila Jumatano, na wale wazee wawili walikaa nyuma ya pazia mimi nikipima vitambaa. Baba alikuwa anamwambia pilipili ya leo imefika wapi. Taratibu aligundua mambo mengine madogo. Chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani ilimkausha ulimi, na ule ukavu aliusikia. Joto alilisikia. Aliniambia asubuhi moja, “Hii yako ina nguvu. Imeushika ulimi pembeni.” Alikuwa ametoa kikombe kimoja sandukuni. Niliendelea kukoroga cha kwangu, niliogopa kuharibu. Lakini nisidanganye kwamba alirudi kuwa yule wa zamani. Aliokota makombo ya kitu alichokuwa nacho kizima, na alijua kwamba ni makombo.

Mwaka uliofuata aliomba nimpeleke akaone kaburi la mama. Tulipanda basi asubuhi, tukashuka Nyololo, tukala maandazi kwenye mgahawa wa kando ya barabara, tukapata gari dogo la kwenda ndani kwa barabara ile iendayo Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Malori ya magogo yalitupita yakiturushia matope. Kisha mashamba ya chai yakaanza, ile kijani iliyonyolewa sawasawa, na baba akafungua dirisha. Alivuta hewa kwa pua kwa muda mrefu. Nikamtazama. Akatikisa kichwa, akafunga dirisha.

Baada ya makaburini alitaka kuwasalimia watu wa kiwandani. Chumba cha kuonjea sasa kilikuwa chini ya mama mmoja ambaye baba mwenyewe alimfundisha kazi. Alimwona baba mlangoni, akaacha alichokuwa akiandika.

“Kamwene, mwalimu.”

“Kamwene.”

Alifurahi mno. Bila kuuliza alipima majani yaliyotoka mitamboni siku ile, akamimina maji, akapanga vikombe vitano mbele ya dirisha, akampa baba kijiko. Ilikuwa heshima, kumwachia mwalimu atangulie. Nikamsogelea baba. Baba akachota, akavuta kwa kelele ile ile, safi, kama ya miaka yote, akatema kwenye pipa. Yule mama akasubiri.

Baba aliweka kijiko mezani. “Mwanangu,” alimwambia, “nimekuja kwako mdomo wangu umekufa. Sisikii kitu.”

Yule mama hakumwambia pole. Alimtazama kidogo, kisha akakichukua kijiko, akaonja kikombe cha kwanza.

“Hii imechangamka mbele,” alisema, “halafu inakatika.”

“Inakatika wapi?”

“Katikati ya ulimi.”

“Basi waliinyausha haraka. Majani yalikuwa na maji.”

“Jana ilinyesha kutwa.”

“Umeona.”

Wakaenda hivyo, yeye akionja na kusema, baba akiuliza na kujibu, amefumba macho. Kwenye cha nne yule mama alisema ni safi. Baba akafumbua macho, akainamia yale majani yaliyolowa, akayageuza kwa kidole. “Rudia hiki.” Akarudia. Akacheka kwa aibu. “Ni kweli, mwalimu. Kuna moshi kwa mbali.”

Baba alinigeukia. “Na wewe onja.”

Nikaonja vyote vitano. Nikaona chai tano. Nilipoulizwa nikasema zote ni nzuri, nao wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilikuwa na uchungu. Mtu huyu alikaa nyumbani kwangu miaka mitatu akiwa na maneno yale yote, na mimi nilipeleka pakiti tu, nikangoja anifurahishe. Sikumwomba hata siku moja anifundishe. Kwenye gari la kurudi nilimwambia nataka kujifunza. Alisema, “Tutaanza Jumamosi.”

Tulianza. Tulipata Jumamosi kumi na moja. Nilijifunza kuvuta bila kupaliwa, na kuitambua chai iliyoungua. Sikufika mbali zaidi ya hapo.

Alifariki mwishoni mwa mwezi wa sita, asubuhi, amekaa kitandani na soksi moja mguuni. Nilikuwa nimemwacha akivaa, nikaenda dukani kufuata uzi. Sikuchelewa. Majirani walinisaidia kumlaza, na mimi nilimvalisha ile soksi ya pili kwa kuwa miguu yake ilikuwa ya baridi, nikijua kabisa haina maana.

Tulimpeleka Mufindi. Yule mama wa duka la vitambaa hakuweza kusafiri, akatuma mfuko wa viungo vyake vilivyosagwa, vya chai ya waombolezaji. Wanawake waliokuwa jikoni hawakuvijua, wakavimwaga vyote kwenye sufuria kubwa. Watu waliporudi kutoka makaburini na kunywa, walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana, wakifuta macho kwa kanga na kwa mikono ya makoti. Mtu fulani alicheka, wengine wakamfuata, na katikati ya kucheka mwonjaji wa kiwanda, yule mwanafunzi wake, akaangua kilio ambacho hakuna aliyeweza kukinyamazisha. Nilikwenda kukaa karibu naye.

Nilikaa kule siku nne, kisha nikarudi Mbeya. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Nilikuta wazazi watatu wananisubiri kibarazani, wamekaa kwenye benchi, kile kiti cha baba wamekiacha wazi. Walinipa pole, nami nikawauliza watoto wako darasa la ngapi.